Kiti Kilicholia Kwenye Santuri ya Baba

Enzi zetu wimbo ulikuwa kitu cha kubebwa kwa mikono miwili. Hukuusikia mpaka mtu mzima autoe kwenye ganda lake, aupanguse vumbi kwa kitambaa laini, aulaze, kisha aushushie sindano polepole kama anayemlaza mtoto aliyesumbua kulala. Ninyi mliokua wakati mmoja na mimi, Sigino, Mutuka na kule Bonga, vijijini Babati, mnanielewa. Wengine nitawaeleza taratibu, msiwe na haraka. Haraka ndiyo iliyotuponza siku ile nitakayoisimulia.

Nakumbuka Jumapili za nyumbani kwetu Sigino. Tukitoka kanisani tulivua viatu kabla hata ya kufika uani, maana viatu vilikuwa vya kanisani tu na vilibana. Mama alikuwa ameacha makande jikoni tangu alfajiri, mahindi na maharage yameiva mpaka yanapasuka, na harufu yake ilitupokea njiani. Tulikula kwenye sinia moja, kila mtoto na upande wake, na aliyevuka mpaka alipigwa kijiko mkononi. Kisha sisi wasichana tulicheza rede nyuma ya nyumba kwa mpira wa matambara, mpaka tusikie Baba anasafisha koo. Hapo mchezo uliisha wenyewe. Koo la Baba likisafishwa Jumapili mchana, maana yake gramafoni inatolewa.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi na mbaazi kama majirani wote, lakini pia alikuwa fundi seremala. Madawati ya shule ya sekondari yalipovunjika, aliitwa yeye. Huko ndiko alikozoeana na mwalimu mmoja wa hesabu, mgeni kutoka Uingereza, aliyependa kukaa karakana akimwangalia Baba akipiga randa. Mkataba wake ulipoisha na akawa anarudi kwao, alimwachia Baba gramafoni yake ya betri, iliyofungwa kama sanduku la safari, pamoja na santuri chache. Nyingi zilikuwa za masomo ya Kiingereza. Moja ilikuwa ya muziki wa roki: vijana wanne wenye nywele ndefu, magitaa na ngoma. Kwenye ganda kulikuwa na picha ya daraja lililozama kwenye ukungu, kama mlima Kwaraa unavyofunikwa asubuhi za masika. Sisi tuliiita Santuri ya Daraja. Maneno ya nyimbo hatukuyaelewa hata moja, na haikutusumbua kabisa.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ulikuwa wa taratibu, gitaa moja tu na mtu anayeimba kama anamsimulia rafiki yake. Ulipokaribia kwisha gitaa lilinyamaza kidogo, na katika ule ukimya kulisikika kitu. Krii. Wageni wote walidhani ni mkwaruzo. Baba aliposikia mara ya kwanza aliinua kidole.

"Hicho ni kiti," alisema. "Huyo anayepiga gitaa ameegemea nyuma. Mguu wa nyuma umelegea, gundi imekauka. Angeniletea mimi, ningekitengeneza kwa nusu saa."

Tangu siku hiyo tulikuwa tunausubiri ule ukimya kuliko wimbo wenyewe. Baba alitufundisha kusikiliza, mmoja mmoja. "Mwache mwimbaji aende zake," aliniambia. "Tafuta ngoma ya mguu iko wapi. Umeipata? Sasa tafuta nyuma yake kuna nini." Sikuwa na umri wa miaka kumi na moja bado, lakini nilikuwa wa kwanza kati ya watoto kukisikia kiti, na Baba akanipa jina la Masikio. Nililivaa jina hilo kama gauni jipya. Nikapewa na kazi ya betri: kila Jumamosi nizitoe zote sita, nizianike juani juu ya bati la banda la kuku, nizigeuzegeuze kama dagaa, nizirudishe Jumapili. Mliolelewa na redio mnajua. Betri zilizochoka zikipata jua hufufuka, lakini hazikai. Na betri mpya hazikuwa kitu cha kuingia dukani na kuchukua tu.

Rafiki mkubwa wa Baba alikuwa Baba Theresia wa Bonga, dereva wa lori, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani. Siku moja alirudi safari ya Nairobi amenunua Santuri ya Daraja. Ganda lile lile, vijana wale wale. Kilichokosekana ni gramafoni. Hakuwa nayo, wala hakuwa na mpango wa kuipata.

"Sasa umenunua ya kuangalia?" Mama alimuuliza.

"Shemeji, gramafoni ipo kwenu. Ningenunua ya pili ya nini?"

Kwa hiyo kila Jumapili alipokuwa hana safari, Baba Theresia alipanda baiskeli kutoka Bonga mpaka Sigino kuja kuisikiliza santuri yake. Aliibeba katikati ya masinia mawili yaliyofunikwa uso kwa uso na kufungwa kwa kanga ya mkewe, ili isipinde wala kukwaruzwa. Watoto wa njiani walidhani anapeleka pilau, na walimfuata wakiimba. Nyumbani alisalimiwa, alikula, kisha ubishi ulianza.

Ubishi ulikuwa huu: ipi inalia vizuri? Vijana, msicheke. Santuri ya wimbo ule ule haikutoka kiwanda kimoja. Ya Baba ilitengenezwa Uingereza, ya Baba Theresia ilitengenezwa Nairobi. Ni kama matofali: udongo unaweza kuwa mmoja, lakini kalibu za kufyatulia ni mbili, na mafundi ni wawili. Tofali moja linatoka na kona kali, jingine linatoka limeinama kidogo begani. Baba alisema yake ina hewa ndani. Baba Theresia alisema yake ina nguvu, na kwamba hewa ni ya kuweka kwenye matairi.

Ubishi huu ulikwenda mwaka mzima bila madhara. Kisha kaka yangu Paskali akapata kipaimara. Uani kwetu palijaa watu, viti vimekopwa kwa majirani, gramafoni inapiga tangu tuliporudi kanisani. Wakati huo akina mama wa Babati walikuwa na mtindo mpya: santuri mbovu ilichovywa kwenye maji ya moto mpaka ilegee, ikakunjwa pembeni, ikawa bakuli la maua lenye mapindo kama sketi. Mama alikuwa akilitamani. Baba Theresia, akiwa ameshiba na watu wote wakimtazama, akasimama.

"Leo tumalize. Zipigwe zote mbili. Itakayoshindwa, Jumamosi ijayo inakuwa bakuli la shemeji!"

Watu wakashangilia. Baba angeweza kukataa. Lakini kipaimara cha mwanao, uani kwako, mbele ya wazee wa usharika, utakataaje? Akafikiri, akasema, "Sawa. Lakini macho yana upendeleo. Atasikiliza Masikio, uso ukutani. Na atakayeziweka ni Mama Paskali, sisi wawili tusijue ipi imetangulia."

Nikageuzwa ukutani. Naikumbuka harufu ya udongo wa ukuta ule mpaka leo. Nyuma yangu watu wote wakanyamaza. Ya kwanza ikapigwa, ule wimbo wa taratibu. Ilikuwa safi, na kwenye ukimya nikakisikia kiti. Krii. Ikapigwa ya pili. Hiyo ilikuwa nzito. Gitaa lilishuka chini, mwimbaji akawa na sauti ya mzee wa kanisa, ngoma ikatembea kwa maringo. Watu nyuma yangu wakaanza kunong'ona, "Eeh! Besi hiyo! Sikia besi!" Kiti sikukisikia. Nikajiambia labda nimepitiwa kwa utamu wa ile sauti. Nikageuka na kusema kwa kujiamini kabisa, "Ya pili."

Mama akainua ya pili juu. Ilikuwa ya Nairobi. Baba Theresia alibebwa mabegani.

Baba alimpa mkono, akacheka na wengine, akawaongezea watu chakula. Lakini jioni nilimwona anaifuta ile santuri aliyopewa na mwalimu, anaifuta tena, anairudisha kwenye ganda la daraja na kuiweka juu ya kabati. Hakunilaumu hata kwa jicho. Alisema tu, "Umesema ulichosikia." Ningependa kuchapwa kuliko hivyo.

Siku tatu baadaye nilifanya kosa la pili, ambalo lilirekebisha la kwanza. Baba alikuwa karakana, Mama shambani. Kwetu mtoto hafungui gramafoni bila ruhusa; lilikuwa jambo la adhabu, halikuwa na mjadala. Lakini nilitaka kuiaga ile santuri kabla haijawa bakuli. Nikapanda kiti, nikaishusha, nikaipiga kwa sauti ndogo. Betri zilikuwa zile zile za kipaimara, hazikuanikwa tena. Na masikio yangu yakasikia ajabu. Gitaa la Baba limeshuka chini. Mwimbaji wa Baba ana sauti ya mzee wa kanisa. Ngoma inatembea kwa maringo.

Nikaitazama santuri inavyozunguka. Ilikuwa inajikokota kama ng'ombe anayerudi kutoka kulima.

Nikakaa chini. Uzito ule haukuwa wa Nairobi wala wa Uingereza. Ulikuwa uchovu wa betri! Siku ya kipaimara gramafoni ilipigwa tangu asubuhi. Santuri ya kwanza ilipata nguvu za mwisho, ya pili ikapata mabaki, ikazunguka polepole, sauti ikashuka, na ua mzima tukashangilia betri zinazokata roho tukidhani ni utamu. Na mwenye kazi ya betri nilikuwa mimi. Jumamosi ile kulikuwa na mawingu, nikaziondoa juu ya bati mapema nikacheze rede.

Nawaambia ukweli, sikukimbilia kusema. Nikisema, jina la Masikio linakwenda. Nikisema, naeleza pia kwamba nimefungua gramafoni. Nilikaa nalo Alhamisi yote. Ijumaa mchana nikamkuta Mama anasugua sufuria kubwa, ile ya sherehe, anaipima kwa macho kama santuri itaingia. Nikaenda karakana moja kwa moja.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Unakimbizwa na nani, mbona unahema?"

Nikamwambia yote, bila kupumua. Akaendelea kupiga randa mpaka nilipomaliza. Kisha akaiweka chini.

"Nani alikuruhusu kufungua gramafoni?"

"Hakuna, Baba."

Akapuliza vumbi la mbao kwenye mkono wake. Nikasubiri fimbo.

"Na ulipofungua, ulisikia nini? Nieleze tena, polepole. Usiniambie kwa kunihurumia."

Nikaeleza tena, polepole. Baba akafunga karakana. Kisha akamwita Paskali na kumtuma Bonga akamwambie Baba Theresia kwamba kesho kabla ya maji kuchemka kuna neno.

Jumamosi Mama alikuwa ameshabandika sufuria. Baba Theresia akaja na masinia yake, na bila kuombwa akatoa mfukoni betri sita mpya, bado zina karatasi zake. Paskali alikuwa amemweleza kila kitu jana yake. "Mimi ni dereva," alisema. "Siwezi kushinda mbio wakati gari la mwenzangu halina mafuta." Kisha akanitazama. "Nawe Masikio, leo pumzika. Nitageuka ukutani mimi mwenyewe."

Lile jina hakuninyang'anya. Nililisikia likirudi, nikawa sijui niangalie wapi.

Mzee yule mwenye kifua kama pipa akaenda kusimama ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa namba, zile kazi za asubuhi za shule. Mama akapiga ya kwanza, na ukimya wake ukapita bila kiti. Kisha ya pili. Ulipofika ule ukimya niliona mabega ya Baba Theresia yanatulia. Krii.

"Ya pili," akasema bila kugeuka. "Ya kwanza ina nguvu, lakini huyu wa pili nimekaa naye chumba kimoja. Hata kiti chake nimekisikia. Ni yangu, sivyo?"

"Ni ya Baba Paskali," Mama akasema.

Tulidhani atabisha, maana kubisha kulikuwa chakula chake. Akageuka, akacheka kile kicheko chake, akachukua santuri yake mwenyewe na kwenda nayo jikoni kwenye sufuria. Neno ni neno. Baba akamwahi mlangoni, akamshika mkono.

"Ukiichemsha hii, Jumapili utakuja kwangu kusikiliza nini?"

"Nitasikiliza yako."

"Yangu hujawahi kuisikiliza. Huwa unakuja kusikiliza yako ili uiseme vibaya yangu. Sasa utaisemaje?"

Baba Theresia akafikiri. "Hapo umesema kweli."

"Na bakuli langu?" Mama akauliza. "Maji yanachemka, na kuni zangu zinaungua."

Ikatolewa santuri moja ya masomo ya Kiingereza, ile ya kuuliza njia ya kwenda stesheni, ambayo hakuna mtu Sigino aliyewahi kuihitaji. Ikaingia sufuriani, ikalegea, Baba akaikunja pembeni kwa mikono yake ya useremala, mapindo sawasawa. Adhabu yangu ya kufungua gramafoni niliipata: kuteka maji zamu za Paskali wiki nzima. Niliyateka nikiimba.

Bakuli hilo liko mezani kwangu ninapoandika, hapa Babati mjini, lina maua ya plastiki maana limetoboka. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kila darasa nililopata niliwageuza watoto ukutani angalau mara moja, wasikilize mvua, au mwenzao akisoma. Wazee wetu wote wawili wametangulia. Santuri ya Baba ninayo mimi. Ya Baba Theresia aliniletea Theresia mwenyewe baada ya msiba, katikati ya masinia yale yale.

Mwezi uliopita alinijia kijana kutoka Arusha, amesikia kwa watu kwamba nina santuri za zamani. Kijana mzuri, mwenye adabu. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu, karibu. Akaishika ya Baba kwa pembeni, vizuri, akaiinamisha kwenye mwanga na kusoma namba ndogo zilizochorwa karibu na karatasi ya katikati. Akaangalia simu. Akaangalia tena namba. Akaruka.

"Mama! Hii ndiyo yenyewe! Hii ndiyo bora kuliko zote, watu wanaitafuta duniani kote!"

"Umeisikia?"

"Hapana, lakini wamesema mtandaoni."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Sisi tulifika hapo kwa mawingu na betri kwenye bati la banda la kuku, na fundi seremala wa Sigino alijua kabla mtandao haujazaliwa. Lakini sikumcheka kwa kumdharau. Ana hamu, na mwenye hamu anafundishika. Nikamwambia ageuke ukutani. Mara ya kwanza simu yake iliita. Mara ya pili alisema anasikia mkwaruzo. Nikamwambia, "Mwache mwimbaji aende zake. Nyuma yake kuna nini?" Mara ya tatu akageuka na uso wa mtoto.

"Mama, kuna mtu ameegemea kiti."

"Mguu wa nyuma," nikamwambia. "Gundi imekauka."

Akataka kuinunua. Nikamwambia haziuzwi. Akasema haitaki ya Nairobi, anaitaka hii moja tu. Nikamweleza kwamba hizi hazitengani, na kwamba akija tena Jumapili ataona kwa nini.

Maana siku hizi wimbo ni rahisi. Wajukuu wangu wana nyimbo elfu mfukoni na wanauacha kila mmoja katikati. Siwalaumu, kama wimbo haujakugharimu chochote, utaungojea mpaka mwisho kwa nini? Ila huwa nawahurumia kidogo, kila mmoja na vile vidude vyake masikioni, sebule moja, watu wanne, nyimbo nne, hakuna wa kubishana naye. Sisi wimbo mmoja ulihitaji baiskeli kutoka Bonga, masinia mawili, jua la Jumamosi na mtu wa kukupinga.

Kesho ni Jumapili. Theresia atakuja kwa bodaboda, mgongo unamsumbua, na kabla hajakaa ataanza: kwamba siku ile mama yangu alizichanganya makusudi, kwamba baba yake alionewa, kwamba ya Nairobi ina nguvu. Nitamwacha aseme yote. Umeme ukiwepo tutazipiga zote mbili, ya baba yake kwanza. Kisha nitaishusha sindano kwenye ya Baba, na bibi yule wa Bonga, bado anabisha, atanyamaza mwenyewe kabla ya ule ukimya kufika.